Nilimchorea Bibi Nyumba ya Jangwani, Nikaifungulia Magharibi

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa, kabla hamjaanza kunihurumia, maana mie nna ulimi mtamu, na nikiachiwa dakika mbili tu ntakufanyeni muamini kwamba kosa ni la jua.

Si la jua. Ni langu!

Jina langu silitaji. Unguja hii ndogo, mtu akipiga chafya Mlandege, Mangapwani wanamwitikia "Yarhamkallah". Inatosha mjue kwamba mie ni mchoraji wa ramani za nyumba, na kwamba nimesoma skuli ya usiku. Mchana nilikuwa nauza viatu Darajani, usiku nachora mistari huku nasinzia. Siku niliyopewa cheti nilitembea nacho Mji Mkongwe mzima, kila kichochoro, hata vile ambavyo kile cheti kilikuwa kipana kuliko njia.

Baadaye nikafungua kiofisi Mlandege. Kiofisi chenyewe ukinyoosha mkono umeshatoka nje. Kazi zangu mpaka hapo zilikuwa vyoo viwili vya nyumba ya wageni, jiko la bwana mmoja muuza vitambaa, na banda la kuku huko Mangapwani, ambalo kwenye bango langu nililiandika "makaazi ya kisasa, vyumba ishirini". Msicheke. Wale kuku walikuwa na vyumba ishirini kweli!

Basi siku hiyo nikapigiwa simu na Bi Zuwena.

Bi Zuwena alikuwa shoga yake marehemu mama. Aliolewa Omani zamani, na miaka kadhaa baadaye akaja kumchukua na mama yake mzazi, Bi Asya, ambaye mtaa mzima tulikuwa tukimwita Bibi. Huyu Bibi ndiye aliyenilea. Mama akienda kazini, mie kwa Bibi. Mama akiumwa, mie kwa Bibi. Meno yangu haya yameota juu ya mkate wake wa kumimina. Siku anaondoka nililia uwanja wa ndege mpaka askari akaniuliza kama nimeibiwa.

Kumbe kule Maskati Bibi alikuwa taabuni. Walikuwa wanakaa ghorofa ya tisa, madirisha hayafunguki, kiyoyozi kinanguruma alfajiri hadi alfajiri. Kifua kikaharibika. Kikiwashwa kiyoyozi, pumu inampanda, anakohoa mpaka midomo inageuka rangi. Kikizimwa, joto linataka kumtoa roho. Mtu mzima wa miaka ile, mwaka mzima anachagua afe kwa lipi!

"Sasa sikiliza, mwanangu," Bi Zuwena akanambia. "Mume wangu ana kiwanja bara huko, jangwani, kwao. Nataka nyumba. Iwe nzuri, ya kifahari, sitaki kuchekwa na mawifi. Lakini isitegemee umeme. Ijipoze yenyewe, kama majumba ya zamani ya hapo Mjini. Bibi alale na hewa ya Mungu. Hilo ndilo kubwa, mengine yote mapambo. Utaweza?"

"Bi Zuwena, mie majangwa ndiyo fani yangu!"

"Ushafika jangwani wewe?"

"Nshafika mara mbili."

Astaghfirullah! Mbali kabisa nilipowahi kufika ni Dar, na nikatapika boti nzima, kwenda na kurudi. Jangwa nililolijua mie ni lile la kwenye kalenda ya duka la tende.

Lakini nisijidhulumu. Nilisoma. Wallahi nilisoma mpaka macho yakawa kama ya pweza! Nikazunguka majumba ya Mji Mkongwe na futi mkononi, nikapima unene wa kuta, nikawasumbua wenye nyumba mpaka mmoja akanimwagia maji kutoka ghorofani. Nikachora kuta nene za udongo na mawe. Nikaweka ua wa ndani wenye mti wa ndimu na kibirika cha maji. Nikachora paa jeupe la kurudisha jua, sola juu yake, na maji ya kuogea yakatiririkie kwenye mitende. Nyumba ilikuwa nzuri, jamani. Hata sasa nikiitazama ile ramani, pande tatu zake sina haya nazo.

Upande wa nne ndio ulioniua.

Bi Zuwena alikuwa akinitumia maelezo yake kwa sauti, kwenye simu, anazungumza huku anakaanga, huku anagombana na wajukuu. Vyumba vitatu vya kulala. Jiko kubwa. Hivi na hivi. Halafu mwisho akasema, nakumbuka neno kwa neno: "Na magharibi kufungwe, mwanangu. Kufungwe kabisa. Usinifanyie mchezo na magharibi."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Nikajisemea, kumbe mtu anahamia Arabuni lakini mashetani wa Unguja anahama nao!

Maana nyinyi wa huku mnajua. Nani kati yetu hakukemewa? Jua likitua tu, bibi zetu wote sauti moja: "Magharibi hii! Fungeni madirisha! Ingieni ndani, wapita njia hao wanapita!" Na hao wapita njia si binadamu. Madirisha yanafungwa mpaka watu watoke msikitini, mbu nao wanabaki nje, ukipenda wahesabu humo humo katika mashetani. Bibi mwenyewe alikuwa akinifinya sikio nikichelewa kuvuta komeo.

Basi mie nikafahamu hivyo. Ikifika magharibi, nyumba ifungwe. Nikachora milango ya madirisha ya mbao ya mvule, makomeo mazito ya shaba, fundi wa huko akishindwa kuyapata tumpelekee kutoka hapa. Shetani gani angelipita hapo? Labda awe na leseni!

Halafu ikaja tamaa yangu ya ufahari. Kwenye picha za kiwanja, upande wa jua linapotua kulikuwa na vilima vya mchanga mwekundu, vimepangana kama visheti kwenye sinia. Na mie nimekulia mji ambao hoteli zake zinauza jua likizama! Mgeni analipia kiti, analipia sharubati, anakaa juu ya paa kutazama jua likizama bure. Nikasema, ufahari ndio huu. Nikavipanga vyumba vyote vitatu vya kulala upande huo wa machweo, na mbele ya kila kimoja badala ya ukuta nikaweka nguzo na kioo kirefu, kutoka chini hadi juu, chenye mabawa mawili ya kufunguka ili upepo uingie. Kila chumba uwazi mmoja tu, huo huo, mkubwa kama mlango wa ghala.

Kwetu mtu akiona joto hutoka kwenda kupunga upepo. Mie ningejua wapi kwamba kuna nchi upepo ndio moto wenyewe?

Na chini ya ramani nikaandika maelekezo kwa hati nzuri: asubuhi fungueni, magharibi fungeni.

Kazi ikaanza. Mie hapa Mlandege kichwa kikubwa, kofia hazinitoshi. Kila anayepita namwita: "Njoo uone, nnajenga Arabuni!"

Sasa hapa ndipo penyewe. Yote niliyoyasema mpaka sasa ni ujinga, na ujinga Mungu anausamehe. Linalofuata si ujinga.

Siku moja asubuhi nna watu wawili ofisini, wamekaa wanangoja fotokopi zao, maana fotokopi ndizo zilizokuwa zikinilipia kodi. Simu ikalia, namba ya Omani. Si nikaiweka sauti ya juu! Nataka wasikie mie napigiwa kutoka ng'ambo. Alikuwa msimamizi wa ujenzi, Bwana Salum, mtu wa huko huko, Kiswahili alikipata kwa mama yake.

"Muhandisi, nna suala dogo," akasema. "Huku magharibi, kwenye ramani yako, vyumba vyote vinatazama huko, na vioo. Umekusudia?"

"Nimekusudia, bwana."

"Maana sisi watu wa huku, upande wa magharibi tunaupa mgongo. Jua la alasiri linapiga huko, na upepo wa gharbi unatoka huko huko, jangwani. Ukivuma ule, hata ngamia anageuza uso. Halafu Bi Zuwena kanambia alikwambia mwenyewe: magharibi kufungwe."

Damu ikanishuka mpaka kwenye kandambili.

Upande! Alikuwa anasema upande, hakuwa anasema saa! Magharibi ya kwenye dira, si magharibi ya adhana! Neno moja, herufi zile zile, na mie nikachukua la bibi zetu nikaliacha la mwenye nyumba.

"Kuta zimefika wapi?" nikauliza.

"Magotini. Ukitaka kubadilisha, leo au kesho. Kesho kutwa tunasimamisha nguzo. Una hakika?"

Nikawatazama wale watu wawili. Nao wananitazama. Mmoja mdomo wazi, fotokopi mkononi. Ningesema nini? Kwamba nimechanganya upande na sala? Mie, bingwa wa majangwa, niliyefika mara mbili?

"Nna hakika mia juu ya mia," nikasema. "Vile ni vioo maalumu, bwana. Vinalirudisha jua lilikotoka."

"Khaa!" akasema yule wa fotokopi. "Kumbe jua linarudishwa!"

Bwana Salum akasema kwa adabu yake, "Sawa, muhandisi. Wewe ndiye uliyesoma."

Vioo maalumu! Kwenye ramani nilikuwa nimeandika "kioo", basi, herufi nne. Kioo cha dukani.

Nilijua. Hilo ndilo ungamo langu. Nilijua kosa, na kuta bado ziko magotini, na simu iko mkononi. Nikajiambia ntampigia jioni, peke yangu. Jioni nikasema nimwache mtu wa watu apumzike. Kesho yake nikajisingizia kazi. Kesho kutwa ikafika, nguzo zikasimama. Hakuna aliyeniziba mdomo, ndugu zangu. Haya tu. Haya za kuonekana na watu wawili ambao hata majina yao siyajui!

Nyumba ikaisha, na ilikuwa wakati wa baridi yao. Bi Zuwena alinitumia video huku analia kwa furaha. Bibi amekaa kitandani, kanga mabegani, kioo kiko wazi, anatazama vilima vya mchanga. "Nnavuta pumzi, mwanangu," akasema. "Tazama, nnavuta mpaka chini." Akavuta mbele ya simu ili nione. Nikaisambaza ile video Unguja nzima. Mwenyewe nikaanza kuamini kwamba labda jua la huko ni pole.

Kisha likaja joto.

Sijui nikwambieni vipi. Hapa kwetu joto linakulowesha. Huko, kwa wanavyosema, linakukausha kama dagaa. Alasiri jua likageuka likaingia vyumba vyote vitatu kwa pamoja, bila hodi. Upepo wa gharbi ukapita kwenye yale mabawa yangu. Na Bibi, masikini, alikuwa akifuata maelekezo yangu kama aya! Asubuhi anafungua, joto linaingia kutwa. Magharibi anafunga, joto linalala naye. Huko usiku ndiyo baridi inashuka, usiku ndio wa kufungua! Nilimpangia kinyume, mchana na usiku. Na zile kuta nene nilizojivunia zikalishika lile joto kama chungu cha pilau kilichofunikwa.

Mwanzo Bibi alifanya mzaha. Alinitumia sauti: "We mtoto, hiki chumba au tanuri? Nikilala ubavu huu naiva, nageuka. Mwambie Zuwena alete ufuta aninyunyizie." Anacheka, halafu anakohoa, halafu anacheka tena. Nikacheka nami. Nilipoizima simu nikakaa chini.

Nikaanza kutengeneza nyumba kwa maneno, kutoka Mlandege. Wekeni mapazia mazito. Yakawekwa, yakawa moto hayashikiki. Tundikeni mikeka iliyolowa maji. Ikakauka kabla hawajateremka kwenye ngazi. Mchana fungeni, usiku fungueni. Wakafunga, kioo chenyewe kikawa jiko. Zibeni kwa matofali! Wakaziba chumba kimoja, na kwa kuwa nilikipa uwazi mmoja tu, kikawa kaburi, hewa hakuna. Kutoboa pengine haiwezekani, upande wa pili ni stoo na matangi. Nani aliyeweka stoo na matangi huko? Mie!

Bibi akahamia ukumbini, kwenye mkeka, karibu na mlango wa jiko. Nyumba ya kifahari, na mwenyewe analala kwenye njia ya kupitishia sufuria.

Halafu Bi Zuwena akanipigia. Nilijitayarisha kutukanwa. Nilikaa nikashika meza kwa mikono miwili. Badala yake akasema kwa sauti ndogo:

"Mwanangu, nadhani mimi ndiye niliyekosea. Nakumbuka nilikutumia maelezo huku nnapika. Labda sikusema vizuri juu ya magharibi. Nisamehe, nimekuharibia kazi yako."

Nimsamehe mie!

Mlango ulikuwa wazi kabisa, wa kuingia na kusema. Nikasema nini? Nikasema, "Usijali, Bi Zuwena. Ujenzi una mambo yake."

Yarabi, ulimi huu!

Wiki chache baadaye wakamrudisha Bibi Maskati, ghorofa ya tisa. Hapakuwa na pengine. Kiyoyozi kikawashwa. Sasa hivi, ninavyoandika, ana mashine ya kumsaidia pumzi kando ya kitanda, mpira puani, na ile nyumba ya jangwani imefungwa funguo. Bwana Salum anakwenda siku moja moja kumwagilia ule mdimu wa uani.

Mwezi uliopita nikashindwa. Chakula hakipiti, usingizi hauji, na mke wangu kaanza kudhani nna mtu. Nikampigia Bi Zuwena nikamwambia yote. Sikwenda jangwani hata mara moja. Nilifahamu magharibi ya adhana. Bwana Salum alinipigia, kuta ziko magotini, nikajua, nikasema nna hakika. Na siku uliyoniomba msamaha nilijua pia.

Nilikuwa nasikia ile mashine ya Bibi kwa nyuma, inavuta, inaachia.

"Sasa unanambia ili iweje?" akauliza.

Hakuwa na hasira. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua njia.

Kwenda siwezi, na hata ningekwenda, ningekwenda kufanya nini, nimpepee? Kuibomoa nyumba ya watu siwezi. Kumpa Bibi kifua changu siwezi, ningeweza ningempa, pamoja na mbavu na shati juu. Nilisema tu, "Sijui, Bi Zuwena."

"Basi," akasema. "Bibi ananiita."

Hajanipigia tena, na mie sina uso wa kumpigia. Bango nimeliteremsha. Napiga fotokopi, nachapa barua za watu. Wakija wa ramani nawaambia waende kwa wengine.

Sasa nyinyi mnaosoma, na hasa wenzangu tuliopata vyeti kwa jasho, ambao mtu akituita "muhandisi" tunavimba kama andazi: jihadharini na zile haya! Wewe mshoni, wewe fundi umeme, wewe mpishi wa harusi, mtu akikuuliza "una hakika?" huku moyo wako unakwambia huna, sema huna, hata kama ofisi imejaa watu. Watakucheka, ndiyo. Watakucheka wakimaliza fotokopi zao, watakwenda zao, na wakifika Darajani wameshakusahau.

Wale wawili wangu wamenisahau zamani. Aliyebaki ni Bibi. Juzi kanitumia sauti, fupi, kwa tabu, nadhani Bi Zuwena hajamwambia kitu. Anauliza kama nnaweza kumchorea dirisha la kufunguka, dogo tu, hapo hapo ghorofa ya tisa, maana yeye anajua mie nimesoma.

Sijamjibu. Nifungue vipi dirisha lisilofunguka? Niambieni, kama yupo anayejua. Nakuulizeni nyote, hadharani, na sioni haya tena.